Mkufu Kwenye Foronya

Mkufu ulirudishwa kwa mwenyewe. Naanza na hapo makusudi, ili hata ukiitwa katikati ukaondoka na usirudi tena, uwe umebeba lililo muhimu. Wifi yangu hakuiba. Haya, sasa tunaweza kwenda taratibu.

Wakati huo nilikuwa nafua nguo za hoteli, chini kabisa, ghorofa ambayo wageni hata hawajui kama ipo. Shuka, foronya, taulo, vitambaa vya meza, vyote vilitushukia huko, kila chumba na furushi lake lenye lebo ya namba. Katikati kulikuwa na meza ndefu ya kukunjia, na hatua tatu kutoka mezani kulikuwa na mashine ya kukamulia maji. Hiyo mashine ndiyo mkorofi wa mambo haya, baada yangu mimi. Ikiwaka ilinguruma mpaka meno yanagongana. Hata ungemfokea mtu sikioni asingekusikia. Ilikwenda dakika nane, ikazima, fundi wa mashine akatoa mzigo na kupakia mwingine, na hapo tukapata kimya cha robo saa. Halafu tena dakika nane. Siku nzima ni hivyo, mwaka mzima ni hivyo.

Ndani ya hizo robo saa ndimo nilimojifunza kusimulia. Mtu ukikunja shuka za watu usiowajua kutwa nzima bila neno, unafika mahali unasahau kama una jina. Kwa hiyo tulipiga soga. Mwanzoni mashine ilinikatiza popote, na ikizima nakuta wenzangu wameshasahau nilikuwa nasema nini, wanaulizana habari za unga na karo. Iliniudhi sana. Nikaanza kuikata mwenyewe kabla haijanikata. Nilimtazama fundi kwa jicho la pembeni. Akishafunga mfuniko akaanza kupangusa mikono kwenye suruali, najua nimebakiwa na sentensi mbili. Basi hizo mbili nazitumia kumfikisha mtu mlangoni, namshikisha kitasa, mashine inawaka. Dakika nane wenzangu wanakunja shuka huku wamenikodolea macho. Ikizima tu, kabla hata fundi hajafungua mfuniko, wote kwa pamoja: ehe?

Hiyo "ehe" ndiyo iliyoniharibu. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sina mume, nyumbani hakuna anayenisubiri aniulize siku yangu ilikwendaje, na hapa watu wanane wananisubiri kwa hamu nifungue mlango. Ningefungua mlango wowote. Nilianza kutia chumvi kidogo, kisha nikawa natia ya kutosha. Niligundua watu hawajali sana kilichotokea; wanataka waone. Ukisema mtu alikuwa na hofu, wanaendelea kukunja. Ukisema alikuwa amevaa shati lililogeuzwa nje ndani na hajui, mikono yao inasimama. Tena niligundua jambo jingine, na hili ndilo baya: hadithi unayoambiwa na mtu aliyesikia haina ladha ya ile ya mtu aliyeona. Nikawa nimeona kila kitu. Ajali nimeona, ndoa kuvunjika nimeona, mwizi akidakwa mimi nilikuwa pale pale. Wenzangu walinitania, wakiniuliza nina macho mangapi.

Sasa huyo wifi yangu. Ni mke wa kaka yangu wa pekee, aliyekuwa mbali akijenga barabara, harudi nyumbani ila mara mbili kwa mwaka. Alipojifungua pacha na maisha yakawa magumu, kaka alinipigia simu akaniomba nimtafutie mkewe kazi, nikamwingiza pale kufua. Kazini tulimwita Mama Pacha. Alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Siku moja tulimuuliza harusi ya mdogo wake ilikuwaje, akasema watu walikuja, wakala, wakaondoka. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini mikono yake, wewe! Shuka ikipita kwake inatoka na kona nne sawasawa kama imekatwa kwa kisu. Msimamizi wetu, mwanamke tuliyemwita Daftari kwa sababu hakuna alichokiona asikiandike, alifikia kumsifu mbele yetu sote. Mimi nilikuwa na miaka tisa pale na sikuwahi kusifiwa. Nilitabasamu kama wenzangu, ila moyoni nilimwonea gere. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walisema niliyoyafanya yalikuwa mambo ya wifi na wifi, na nimejiuliza mara nyingi kama walikosea.

Siku ya mkufu mimi nilikuwa stoo ya sabuni, napima unga wa kufulia na kumimina kwenye ndoo. Shika hilo: nilikuwa stoo. Wifi alifungua furushi la chumba fulani akakung'uta foronya, mkufu wa dhahabu ukadondoka. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja. Kitu cha mgeni ukikiokota, kiwe heleni au meno ya bandia, unakipeleka kwa Daftari, kinaandikwa, kinafungiwa kabatini. Usipokiandikisha, umeiba. Hakuna mjadala. Lakini wifi alikuwa amemwona yule mgeni, mama mmoja, dakika chache kabla, akipakia mizigo kwenye gari, na alijua kitu kikishaingia kwenye lile kabati kinaweza kukaa humo mpaka mwenyewe azeeke. Akatoka mbio kwa mlango wa nyuma bila ruhusa. Gari lilikuwa limezuiwa kwenye kona na lori lililokuwa linashusha mitungi ya gesi. Akampa mwenyewe dirishani, akashukuriwa, akarudi kukunja. Hakuna mfanyakazi mwenzetu aliyemwona.

Aliniambia jioni tukiwa tunabadilisha nguo, kwa sauti ya chini, akaniomba lisitoke hapo kwa sababu ametoka kazini bila kuaga. Nikamwambia wifi, mimi tena? Likae kwangu.

Lilikaa wiki mbili. Wifi alipoomba siku moja ampeleke mmoja wa watoto hospitali, mezani kukawa kumepoa, watu wamechoka, hadithi zangu zote wameshazisikia. Wakaniambia leo mbona umefyata ulimi. Nikajiambia nitamsifu tu. Kweli kabisa, nilijiambia hivyo, kwamba ni hadithi ya kumpa heshima mke wa kaka yangu, wajue ni mtu wa namna gani. Nikaanza. Nikawaambia mimi nilikuwa nyuma ya gunia la taulo, yeye hanioni. Nikawaonyesha foronya inavyokung'utwa na mkufu unavyodondoka bila sauti juu ya taulo. Nikamwona fundi anafunga mfuniko. Nikasema: "Jamani, kwa macho yangu haya mawili. Mama Pacha akatazama kushoto. Akatazama kulia. Halafu akauchukua ule mkufu, akauzamisha kifuani." Na mashine ikawaka.

Nilifurahi, nisikufiche. Nilitazama zile nyuso nikajua kwamba sijawahi kuikata hadithi mahali pazuri kama pale. Hakuwahi kutazama kushoto wala kulia. Aliushika mkononi akakimbia nao, kama unavyokimbia na kitu cha mtu. Lakini ukikimbia moja kwa moja, nani atakaa dakika nane anakusubiri?

Mashine ilipozima nikamalizia: mbio, kona, lori la mitungi, mkono dirishani. Wenzangu waligonga meza kwa viganja, mmoja akafuta machozi kwa foronya ya hoteli. Sikujua kwamba Daftari alikuwa amekuja kuchukua vitambaa vya meza, akasimama nyuma ya mashine za kukaushia, akasikia mpaka kifuani, na mashine ilipowaka akaondoka na nusu yake.

Kesho yake wifi alikuta karatasi. Amesimamishwa kazi, bila malipo, hadi Ijumaa ya wiki inayofuata, siku atakayojieleza kwa meneja. Kosa: kuficha mali ya mgeni. Akivua ile kanzu ya bluu ya kazi hakulia. Aliniuliza tu, Daftari amejuaje. Nikamwambia ukweli, au nusu yake: kwamba nilikuwa nasimulia ili kumsifu, mashine ikawaka, Daftari akakosa mwisho. Wifi akasema ni bahati mbaya, na kwamba yeye mwenyewe alikosea kutoka bila kuaga. Akanisamehe hapo hapo, kwenye benchi la kubadilishia nguo. Hujui jinsi msamaha unavyoweza kuuma.

Nikaenda kwa Daftari. Njia nzima nilikuwa nimeamua kusema yote. Nilimkuta na kalamu mkononi, akaniambia nikae. Nikamweleza kwamba mkufu ulirudishwa, kwamba angesubiri dakika nane angesikia. Nikamwambia pia kwamba wiki mbili zimepita na hakuna mgeni aliyelalamika. Akajibu kwamba wengine hugundua baada ya miezi, na ile namba ya simu aliyoandikisha mgeni inaita tu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama ni kweli nilisema nilimwona kwa macho yangu.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema kweli. Neno moja tu lilitakiwa: nilikuwa stoo. Lakini nikaiona ile kalamu, nikaona na jina langu linaandikwa, mfanyakazi aliyemzulia mwenzake wizi, na mlango wa nyuma ukinifungukia baada ya miaka tisa. Kodi ya chumba nilikuwa nalipa mwenyewe. Nikasema ndiyo, nilimwona, ila najua pia kwamba aliurudisha.

"Unajuaje?"

"Aliniambia."

"Kwa hiyo ulichokiona kwa macho ni kuficha, na ulichoambiwa kwa mdomo wake ni kurudisha." Akaandika. Wenzangu walikwenda kumtetea pia, mmoja mmoja, wengine kwa ukali, lakini walichokuwa nacho mkononi ni maneno yangu tu, na Daftari alikuwa nayo tayari.

Zile siku tisa sijui nilizipitishaje. Mezani hakuna aliyeniomba hadithi. Nilijikaza kisabuni, kama tulivyokuwa tunaambiana kule chini. Kaka alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kwa ukali ni kweli mdomo wangu umemponza mkewe. Mara ya pili alikuwa amepoa, akaniomba tu: "Dada, wewe ndiye unayejua kuongea. Msaidie aongee. Hiyo kazi ikiondoka sina ujanja, itabidi watoto waende kwa bibi yao, na yeye arudi kwao." Nikamwambia atulie, nitamsaidia.

Jumapili mchana nikamwita wifi chumbani kwangu. Alikuja na pacha, wakakaa sakafuni wakapanga vibanio vya nguo safu kwa safu. Nikamwambia wifi, jifanye mimi ni meneja, nieleze. Akanyoosha mgongo.

"Niliukuta kwenye foronya. Nikajua ni wa yule mgeni. Nikatoka mbio. Gari lilikuwa limezuiwa. Nikampa. Akasema asante. Nikarudi."

Nikasubiri. Ndiyo ilikuwa imekwisha. Nikamuuliza gari lilikuwa la rangi gani, akasema hakumbuki. Yule mama alivaa nini, akasema hakumtazama nguo, alitazama mkono. Ndani ya gari kulikuwa na nini? Mizigo. Nilishika kichwa. Ilikuwa kweli tupu, kila neno, na hakuna mtu duniani ambaye angeiamini. Ilisikika kama kitu alichokariri. Na ile yangu, ambayo ilikuwa uongo, ulikuwa unaweza kuishika.

Nikamwambia aweke mtoto. Kiti cha nyuma, mtoto wa kike amelala, kiatu kimoja kimevuliwa. Meneja ana binti mdogo, picha yake iko mezani.

"Hakukuwa na mtoto," akasema.

"Najua. Lakini akimwona mtoto, ataliona na gari. Akiliona gari, atauona na mkono wako unampa. Si kumdanganya, ni kumsaidia aone."

Akauliza kitu nilichokuwa nakiogopa tangu mwanzo. "Wewe ulisemaje siku ile, mpaka Daftari akaamini hivyo?"

"Nilisema kama ulivyoniambia," nikajibu.

Ningeweza kwenda mwenyewe Ijumaa nikasema nilizua. Nataka uelewe kwamba nililijua hilo hata nilipokuwa namfundisha rangi ya gari. Njia fupi ilikuwepo, iko wazi, na nauli yake ni kazi yangu mimi. Nikachagua ile ndefu, ya kumfanya yeye awe msimulizi. Wifi aliwavalisha watoto viatu. Mlangoni akasema amenishukuru, lakini atasema kama ilivyokuwa, kwa sababu hajafanya kosa la kumfanya adanganye. Nikakasirika, ndiyo, mimi nikamkasirikia yeye. Nikamwambia basi asije kunililia.

Ijumaa saa nne asubuhi tuliingia watatu ofisini kwa meneja: Daftari, wifi na mimi kama shahidi. Meneja alikuwa mzee mtaratibu mwenye miwani, si mtu mbaya. Akasoma karatasi ya Daftari kwa sauti. Nilisikia hadithi yangu ikisomwa na mtu asiyejua kusimulia, na bado ilikuwa nzuri. Kwamba shahidi, akiwa nyuma ya gunia la taulo, alimwona kwa macho yake mfanyakazi huyo akitazama kushoto, akitazama kulia, kisha akaficha mkufu kifuani. Meneja akaniuliza kama hayo ni maneno yangu.

"Ndivyo nilivyosema," nikajibu.

"Na ndivyo ulivyoona?"

"Nilikuwa mbali kidogo, bosi. Sikuona vizuri."

Ndilo jibu nililotoa, na ndilo ninaloliona haya kuliko yote. Wifi aligeuka akanitazama. Alikuwa anajua nilikuwa wapi siku ile. Yeye ndiye aliyeniletea ndoo. Hakukunja uso. Alinitazama tu kama mtu anayesoma lebo ya furushi ili ajue limetoka chumba gani, kisha akageukia meza. Meneja akamwambia ajieleze.

"Niliukuta kwenye foronya," akaanza. Akanyamaza. Nilidhani ameishiwa maneno kama kawaida yake. Kisha akaanza upya, na sauti ilikuwa nyingine.

Akasema alitoka kwa mlango wa nyuma, ndara moja ikamvuka ngazini, hakuirudia. Gari lilikuwa jeupe, lina vumbi mpaka vioo, na nyuma ya dirisha amelala mtoto wa kike, kiatu kimoja mguuni, kingine kimeanguka. Yule mama alipomwona anakuja mbio na kanzu ya kazi alidhani ni ombaomba, akapandisha kioo. "Sikuwa na pumzi ya kumweleza," akasema wifi. "Nikaubandika mkufu kwenye kioo, hivi." Akaweka kiganja hewani mbele ya uso wa meneja, na sote watatu tukakitazama kile kiganja. Hilo la kioo sikumfundisha mimi. Akasema mama yule aliupeleka mkono mdomoni, akashusha kioo, akaupokea mkufu kwa mikono miwili, akasema ni wa marehemu mama yake.

Hapo akasimama. Alitulia kabisa, mikono mapajani. Meneja alikuwa ameinama mbele kidogo.

"Halafu?" akauliza.

Wifi akahesabu pumzi mbili, tatu. "Halafu mtoto akaamka, akauliza, mama, huyu ni nani?"

Meneja alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Daftari alikuwa ameacha kuandika. Haikuchukua hata dakika kumi: onyo la kutoka bila ruhusa na kutoandikisha mali ya mgeni, arudi kazini Jumatatu. Meneja alimpa mkono wifi, akasema hoteli inahitaji watu waaminifu kama yeye.

Kwenye ujia nilimkimbilia kumkumbatia. Akaiondoa mikono yangu mabegani, wa kwanza, wa pili, bila nguvu. Akasema ana haraka, watoto amewaacha kwa jirani. Jioni kaka alipiga simu. Alikuwa analia, mwanaume mzima, akasema wifi amemweleza kwamba nilikaa naye Jumapili nikamwonyesha namna ya kusema, na kwamba bila hivyo angefukuzwa. Akaniombea dua ndefu. Nilisimama katikati ya chumba nimeshika simu. Alikuwa amemwambia hayo tu. Hakumwambia nilikuwa stoo.

Jumamosi na Jumapili sikulala vizuri. Nilijiambia kwamba sasa kazi yake imepona, basi hakuna wa kuumia ila mimi, nitakwenda kwa meneja nitamwambia kila kitu, anifukuze akitaka. Nilipoamua hivyo nilijisikia mwepesi, nikafua hata mapazia. Jumatatu asubuhi nikamsubiri wifi kwenye ngazi za wafanyakazi. Nikamwambia naomba anisamehe, safari hii kwa kosa lenyewe, kwamba nilizua kushoto na kulia, nilizua kifua, nilisema niliona na sikuona, na kwamba napanda juu sasa hivi kwenda kusema.

Hakushangaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mfuko wake chini.

"Ukishasema hukuona, atauliza nini?"

Nikazitazama ngazi za kwenda juu.

"Ataniita mimi. Atasema, kama shahidi alizua, ngoja tusikie tena na yako. Ataniuliza habari za mtoto." Alikuwa anaongea polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa zake. "Wifi, hakukuwa na mtoto. Kioo kilikuwa wazi tangu mwanzo. Yule mama alisema asante tu. Ijumaa ile niliingia sina kosa. Ukipanda hizo ngazi leo, nitafukuzwa kwa haki."

Nikamwambia lakini kweli iko upande wako. Akasema ilikuwepo.

"Niliposikia ile karatasi inasomwa," akasema, "nilielewa kwa nini waliamini. Hata mimi niliamini. Kwa kitambo kidogo nilijiona natazama kushoto na kulia. Nikajua nikisema yangu kama ilivyokuwa, sina watoto tena nyumbani. Sasa kila nikiukumbuka ule mkufu, namwona na yule mtoto. Siwezi kumtoa." Akaokota mfuko wake. "Nakuomba kitu kimoja tu. Nyamaza."

Nikanyamaza. Hoteli ile ilifungwa zamani, yule meneja ameshatangulia mbele ya haki, na Daftari sijui yuko wapi, kwa hiyo leo nimesema. Lakini hawa wa nyumbani sijawaambia. Pacha wameshakuwa watu wazima, kaka amerudi na mvi zake, na kila tukikutana na wageni sebuleni kwake hunivuta mkono akawaambia huyu ndiye dada yangu, aliyemwokoa mke wangu. Wageni hugeuka kumtazama wifi ili athibitishe. Naye husema ndiyo, ni yeye, kisha hunimiminia chai.